Sweta la Wakili

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita kwenye safu hii, dakia hapa. Tulitoka nyumbani kwa Bi Karibu jua likiwa bado kali, mimi na Wakili, na yule mtoto hakufungua mdomo njia nzima.

Kwa mtu asiyemjua Wakili, hilo si jambo. Watoto hununa, kisha hucheka. Lakini huyu binti wa miaka kumi na mmoja jina hilo hakupewa bure. Ukimwambia akalale, anakuuliza kwa kosa gani. Ukimwambia uji ni wa moto, anataka ushahidi. Siku mtoto wa namna hiyo anaponyamaza, mwenye akili hupiga yowe. Mimi nilimnunulia soda.

Kuna msomaji alinisimamisha sokoni akaniuliza: wewe mama, watoto wa watu unawatakia nini? Nijibu mara moja tuelewane. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Pembeni nimejitolea katika chama kinachosaidia watoto wa malezi, wale wanaokaa na familia za muda huku tukiwatafutia wazazi wa kuwaasili moja kwa moja. Wenzangu waliona nina mdomo, wakanifanya kiongozi wa wanaojitolea. Ni cheo kisicho na mshahara ila lawama.

Wakili alikuwa akilelewa na nesi mmoja mstaafu, mama mwenye roho safi na magoti mabovu. Daktari aliposema magoti yale lazima yapasuliwe, tukajua hataweza tena kulea. Ndipo wakajitokeza mke na mume waliotaka kumwasili Wakili awe mtoto wao. Mke nimembandika jina la Bi Karibu, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Mume namwita Bwana Ndiyo. Mkimsikia akizungumza hamtaniuliza kwa nini.

Na mimi ndiye niliyewasifu mbele ya chama. Nyumba inang'aa, sauti za upole, makochi yamevishwa vitambaa vyeupe. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, wazee walisema. Mimi niliishia mlangoni, nikapiga makofi.

Sasa niwape siri ya chama chetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Kila mtoto tunayemsindikiza kwa wazazi watarajiwa huvaa sweta tulilomfumia sisi wenyewe. Akiona hataki kuendelea kukaa pale, kwa sababu yoyote ile, halii wala haelezi. Analivua sweta na kumpa kiongozi aliyekuja naye. "Nishikie." Basi. Hapohapo tunaaga, tunaondoka, maswali baadaye. Tulibuni hivyo ili mtoto asiaibike na wenyeji wasiaibike. Tulijiona tuna akili kuliko serikali.

Siku ile, tulipofika tu mlangoni, hata viatu hatujavua, Bi Karibu aliinama akamvua Wakili sweta kwa mikono yake mwenyewe.

"Joto hili, mwanangu! Lete nikuwekee."

Nikasema moyoni, mama mwenye huruma huyu. Mungu anisamehe.

Asubuhi ya pili yake nilikwenda kwa nesi. Nilimkuta Wakili jikoni anaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nesi alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya kigoda, akanikonyeza: muulize wewe.

"Jana ulikuwaje, mwanangu?"

"Nilikuwa nimenyamaza."

"Hilo nililisikia. Nauliza kwa nini."

Akakipangusa kikombe ndani, akakipangusa nje. "Nilitaka kukupa sweta."

"Lini?"

"Waliponipeleka kuona chumba. Nikarudi sebuleni kulitafuta, halikuwepo. Wewe ulikuwa unacheka na yule baba."

Ni kweli nilikuwa nacheka. Nilikuwa nimemuuliza Bwana Ndiyo kama anapenda chai au kahawa, naye akanijibu ndiyo.

"Sasa mbona hukusema? Si ungeniambia tu, Mama Cherehani, twende zetu!"

Aligeuka akanitazama kama hakimu anavyomtazama mtu aliyechelewa kesi yake mwenyewe.

"Nyinyi ndio mliosema tusiseme. Mlisema sweta tu. Wewe mwenyewe ulitufundisha pale ofisini. Nikakuuliza, je, sweta likipotea? Ukasema, Wakili, acha ubishi."

Wasomaji wangu, nimesemwa vibaya na watu wengi katika maisha yangu, wakiwemo mawifi. Hakuna aliyewahi kunichoma kama mtoto yule, na wala hakuwa na nia ya kunichoma.

"Uliona nini huko vyumbani?" nikamuuliza.

"Kuna mlango una matundu ya skrubu. Upande wa nje. Yamezibwa na kupakwa rangi, lakini ukipitisha kidole unayasikia. Palikuwa na komeo."

"Pengine ni kitasa cha zamani."

"Kitasa kiko mahali pake. Na mlango wa chumba cha mtu hufungwa kwa ndani, Mama Cherehani. Kinachofungwa kwa nje ni stoo, au banda la kuku."

Nesi akashusha miguu kutoka kwenye kigoda. Magoti yakalia, yeye hakulia. "Mwambie na lile jingine," akasema.

Wakili akaangalia sakafu. "Aliponivua sweta alinong'ona. Alisema, hili nitalishika mimi, leo hutalihitaji."

Nilikaa kwenye ndoo ya maji, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, machozi yananitoka. Habari ya sweta wanaijua watu wa aina mbili tu, watoto wetu na viongozi wa wanaojitolea. Hata mume wangu, ambaye mimi humwambia kila kitu mpaka ndoto zangu, sijamwambia. Yule mwanamke aliijulia wapi?

Nikampigia simu mwenzangu anayeongoza tawi la chama katika mji wa jirani. Nikamweleza sura ya Bi Karibu, mwendo wake, sauti yake.

"Ana mwanya hapa mbele?" akaniuliza. "Anasema karibu kama anaimba?"

"Huyohuyo."

Nikamsikia akifunga mlango kabla ya kunijibu.

"Dada yangu, huyo alikuwa mwenzetu. Alikuwa kiongozi kama wewe na mimi. Akaacha uongozi ili apewe mtoto wa malezi, akapewa, wakahama naye. Baadaye tukaambiwa mtoto amerudi kwa ndugu zake."

"Na kweli alirudi?"

"Tulipiga simu, akatuambia amerudi."

"Hamkwenda kuona?"

"Tulipiga simu, dada," akarudia, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Kumbukeni kwamba Bi Karibu na mumewe walituapia hawajawahi kulea mtoto yeyote. Walisema nyumba yao imekosa kelele za mtoto tangu siku waliyooana. Nesi alitokwa machozi aliposikia. Mimi nilimpa leso.

Nikaenda ofisini mbio. Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, ina feni inayozunguka huku ikilalamika kama inalipwa kidogo. Nikamkuta Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado anazungumza na watu wazima kana kwamba wamechelewa gwaride. Nikamkuta pia Afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mchapakazi, mkoba kwapani wakati wote, mtu wa haki lakini mtu wa haraka.

Nikamwaga yote. Sweta, komeo, mji wa jirani. Nilipomaliza, Mwenyekiti alivua miwani.

"Mama Cherehani. Si wewe uliyeomba kumwasili mtoto huyuhuyu?"

Feni ikalalamika peke yake.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnalijua hilo. Niliomba. Ninampenda Wakili kama nimemzaa, ubishi wake na vidole vyake vyenye wino. Wanangu wamekua, wameoa, nyumba yangu imebaki na cherehani na mume anayekoroma. Chama kikanikatalia. Kiongozi anayewachagulia watoto wazazi hawezi kujichagua yeye, hiyo ndiyo sheria yetu, na ni sheria nzuri. Nililia nikanyamaza.

"Nilikubali," nikamjibu. "Ndiyo maana nikawatetea hao hao."

"Na sasa siku ya mtoto kuondoka imekaribia, umeona komeo."

"Sijaona mimi. Ameona mtoto."

"Leo komeo. Kesho utatuletea jini la bafuni."

Afisa hakucheka. "Nilikagua nyumba ile chumba kwa chumba," akasema. "Sikuona komeo."

"Uliwapigia simu kabla ya kwenda?"

"Kila familia tunaipigia. Siwezi kumvamia mtu nyumbani kwake kama polisi wa bangi."

Akatoa simu, akaiweka mezani, akafungua sauti tusikie sote. Iliita kidogo tu.

"Karibu, Afisa wangu! Karibu sana!"

Afisa akauliza kwa adabu habari ya matundu ya skrubu. Kule upande wa pili kikasikika kicheko chepesi, cha mtu asiye na deni.

"Ah, yale! Mwenye nyumba wa zamani alikuwa na stoo pale. Njooni kesho mwone wenyewe, milango yote wazi. Karibuni mnywe chai." Kisha akaongeza, "Na Mama Cherehani mwambieni asiwe na wasiwasi. Sweta la mtoto nimelifua, nimelipiga pasi."

Simu ikakatwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mimi nipo pale.

"Mmesikia?" nikasema. "Mmemsikia?"

"Nimesikia mwanamke amefua nguo," akasema Mwenyekiti.

Lakini Afisa alikuwa amekunja uso. Aligonga meza kwa kalamu, akafikiri, kisha akatoa neno ambalo nililipokea kama mgonjwa anavyopokea dawa.

"Tufanye hivi. Ijumaa ndiyo siku ya mtoto kwenda kuanza kukaa nao kwa majaribio. Nitamuuliza mwenyewe, hapa, wao wakiwa nje. Akisema hapana, nasimamisha kila kitu. Sitataka komeo wala skrubu. Neno lake litatosha."

"Na akisema ndiyo?" akauliza Mwenyekiti.

"Anakwenda."

Mwenyekiti akaninyooshea miwani. "Na wewe usionane naye mpaka siku hiyo. Usimlishe maneno."

Nikakubali harakaharaka. Nusura nimbusu Afisa mkono. Wakili aulizwe swali, ajibu ndiyo? Mtoto aliyenikatalia kwamba leo ni leo! Usiku ule nililala usingizi wa pono. Mume wangu anasema hata mimi nilikoroma.

Ijumaa ikafika. Bi Karibu na mumewe walikuwa wameshakaa kwenye benchi la nje nilipowasili. Mke amevaa gauni la maua, mkoba mapajani, sweta limekunjwa juu ya mkoba.

"Karibu, mama, karibu ukae," akaniambia.

Ananikaribisha kwenye benchi nililolipaka rangi mimi! Nikamwambia nashukuru, nikasimama. Nikamuuliza mumewe habari za asubuhi.

"Ndiyo," akasema. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye mdomo wa juu, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Nesi akaja anachechemea na fimbo, kamshika Wakili mkono. Mtoto alikuwa amesukwa nywele vizuri, kavaa viatu vya shule. Alinipita bila kunisalimu. Nikajua anafuata amri ya Mwenyekiti, nikamsifu kimoyomoyo.

Tukaingia ndani. Mlango ukafungwa, Bi Karibu na mumewe wakabaki nje. Afisa akamkalisha mbele yake, akaweka mkoba chini kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Unajua tumekuita kwa nini?"

"Kuulizwa kama nakwenda."

"Sawasawa. Hakuna atakayekukasirikia, ukikataa au ukikubali. Unanielewa?"

"Naelewa. Naweza kuuliza kwanza?"

Nikatabasamu. Huyo ndiye Wakili wangu.

"Uliza."

"Nikikataa, mtawaambia kwa nini nimekataa?"

"Tutawaeleza, ndiyo. Ni haki yao."

"Halafu mtakwenda tena nyumbani kwao?"

"Tukiwa na sababu, tutakwenda."

"Mtapiga simu kwanza?"

Afisa akacheka kidogo. "Ndio utaratibu, mwanangu. Ni adabu."

Wakili akakubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekuwa akijumlisha hesabu na sasa amepata jibu. Akaangalia mikono yake. Akaangalia mlango.

"Nataka kwenda," akasema.

Nikadhani masikio yangu yamejaa nta. Afisa naye akainama mbele. "Sema tena, mwanangu. Usiogope mtu."

"Nataka kwenda kwao. Leo."

Nesi alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Mimi nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Si maneno yake hayo! Amelishwa!"

"Na nani?" akauliza Mwenyekiti kwa upole mbaya. "Tuliyemkataza ni wewe."

Nikamtazama Wakili anitazame. Hakunitazama. Mama anayeandika haya amezika wazazi wawili na kaka, lakini dakika ile nilihisi kama msiba umekuja bila maiti. Nilikuwa nimeweka matumaini yangu yote kwenye neno moja la mtoto mmoja, na mtoto ameniletea lile la pili.

Afisa akaandika. Mlango ukafunguliwa. Bi Karibu alipopewa habari alipiga magoti palepale, akamshukuru Mungu, akamvisha Wakili sweta lile kama anayevisha bibi harusi shela. Bwana Ndiyo alikwenda kuwasha gari. Funguo zilimdondoka, akaziokota, zikamdondoka tena.

"Naomba kumuaga Mama Cherehani," Wakili akasema.

"Karibu, mwanangu, muage," akasema Bi Karibu. Akarudi nyuma, lakini si sana.

Wakili akanikumbatia kiunoni. Mwili wake ulikuwa unatetemeka wote, na uso wake umetulia kabisa.

"Inama," akaninong'oneza. "Usionyeshe usoni. Cheka kidogo."

Nikacheka. Kilikuwa kicheko kibaya sana.

"Siku ile sikukuambia yote, ulikuwa umeshaanza kulia. Chumba walichosema ni changu hakina kitu. Mlango wenye matundu ni wa pili yake. Umefungwa kwa ufunguo. Nilipokuwa napapasa yale matundu, mtu akagonga. Kwa ndani. Polepole, kama hataki wengine wasikie."

Mtoto aliyerudi kwa ndugu zake. Mtoto aliyerudi kwa njia ya simu.

"Mbona hukumwambia Afisa?" nikanong'ona. "Yuko hapa! Mwambie sasa hivi!"

"Si umemsikia? Atapiga simu. Wakipigiwa simu wanamtoa, kama walivyolitoa komeo. Mtafika mtakuta milango wazi na chai mezani. Mimi nikienda leo, sipigi simu."

"Mwanangu, hapana. Siwezi kukuacha uingie kwenye nyumba ile."

"Kama si mimi, nani ataingia?"

Nikamshika mkono kwa nguvu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba simwachi, nitapiga kelele hadi duka la dawa lifungwe, ndipo kivuli kikatuangukia sote wawili.

"Haya, inatosha, tusichelewe," akasema Bi Karibu. Akamshika Wakili mabegani, akamgeuza, akamvuta mgongo wake ukagusa lile gauni la maua. "Jamani, mmezungumza nini kizuri hivyo, mpaka mama wa watu anatetemeka?"

Afisa alikuwa anaelekea kwenye pikipiki yake. Akasikia. Akasimama, akarudi, akanitazama usoni.

"Mama Cherehani," akasema. "Amekuambia nini?"

Mwenyekiti akageuka. Nesi akashusha kanga machoni. Bwana Ndiyo akazima gari. Nikisema, Bi Karibu atafika nyumbani kabla ya yeyote, na nyuma ya ule mlango hatakuwepo mtu. Nikinyamaza, nitakuwa nimempeleka mtoto wangu kwa mikono yangu.

"Sema tu, mama," akasema Bi Karibu, mikono yake ikiwa bado mabegani mwa mtoto. "Karibu. Sisi sasa ni familia moja."

Wakili hakumwangalia yeye. Hakumwangalia Afisa. Alinikazia macho mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwona ameogopa. Aliogopa nitakachosema.

Nikafungua mdomo.